Ubao wa Baridi

Ubao wa baridi haupakwi vanishi. Mlimsikia shangazi yenu akisema hivyo jana, watu walipomhimiza mkwewe amsamehe mumewe palepale kabla chai haijapoa, nanyi mkauliza mashua imeingiaje katika ugomvi wa mke na mume. Methali hii ilianza hivi.

Mwanamize na kaka yake Sadi walirithi mashua ya kuvushia watu kwenye mkono wa bahari wa Mtangoni. Walirithi na kinyongo. Siku baba yao alipozikwa, Sadi hakuonekana. Alirudi matanga yameshaanuliwa, akakuta dada yake haitikii salamu yake. Mzee Shebwana, mkubwa wa kivuko, hakutaka mashua ilale pwani. Akawashikanisha mikono mbele ya watu, akasoma Fatiha, akasema, "Yamekwisha." Mwanamize alitoa mkono kama mtu anayepokea ndoo.

Masika yalipopungua, mashua ilipandishwa nchi kavu ili ubavu wake ukwanguliwe na kupakwa vanishi upya. Ada ya pale, mwenye chombo hulaza shavu ubaoni kabla ya kupaka. Ubao uliokauka una uvuguvugu wa jua. Wenye maji ndani una baridi, hata kama mkono unauona mkavu. Mwanamize akalaza shavu lake.

"Bado baridi."

"Baridi ya asubuhi hiyo," Sadi akasema. "Ijumaa tunavusha bibi harusi. Utampandisha kwenye mashua yenye upele?"

Mwanamize hakubishana; kubishana nako ni kuzungumza. Akachukua brashi.

Mashua iling'aa, harusi ikavuka kwa vigelegele. Haukupita muda, vanishi ikafura malengelenge. Maji yaliyofungiwa ndani hayakuwa na pa kutokea. Sadi akabonyeza ubao, kidole kikazama. Abiria wakaanza kuikwepa mashua ile, na Mzee Shebwana akasema wazi kwamba isipotengenezwa na kurudi majini kabla ya mwezi kuandama, zamu yao ya kivuko atapewa mwingine.

Wakabandua vanishi yote, wakatia ubao mpya, mvua ya mwisho ikaulowesha. Wakangoja. Mwanamize alikaa ubavu huu wa mashua, Sadi ubavu ule. Mzee Shebwana akaja na bakora yake.

"Mnangoja nini na jua lote hili? Pakeni."

"Bado baridi, mzee," Mwanamize akasema.

"Hata mara ya kwanza, nasikia, ulisema hivyo, na bado ukapaka."

"Na mara ya kwanza nilisema kweli. Ubao wa baridi haupakwi vanishi, mzee. Wala mtu hapakwi."

Mzee akaitazama mashua, akamtazama Sadi, akaondoka bila kuaga.

Kisha sauti ikatoka ubavu wa pili. "Nilifika, Mize. Siku ya maziko nilifika. Jeneza lilipita nikiwa nyuma ya ukuta wa kisima. Baba alinifukuza kwa kinywa chake. Niliona haya kulishika."

Mwanamize akasema, "Baba alikusamehe. Aliniambia nikuite. Nikasema kesho, nikasema kesho kutwa. Nilitaka urudi mwenyewe."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia lini? Tuliambiwa yamekwisha."

Hawakupaka siku ile, wala siku iliyofuata. Yalikuwapo mengi ya kusemwa, na mengine yalikuwa machungu. Kuna jioni Sadi aliondoka akipiga teke kopo la vanishi. Lakini asubuhi alirudi. Mwezi ukaandama mashua ingali pwani, na zamu yao wakaikosa msimu mzima.

Ndipo asubuhi moja Mwanamize akainua uso kutoka ubaoni.

"Kaka, njoo ulaze shavu hapa."

Sadi akazunguka mashua, akainama, akalaza shavu pale pale lilipokuwa la dada yake. Akakaa hivyo muda mrefu, macho ameyafumba.

"Umelala?" Mwanamize akamuuliza.

"Una uvuguvugu," akasema.

"Haya, lete brashi."

Ndiyo maana jana shangazi yenu aliwatoa watu wote nje, akamwacha mkwewe anywe chai yake kimya. Ubao wa baridi haupakwi vanishi.