Kadzo na Chungu cha Zimwi

Paukwa! Itikieni pakawa, hata mlioshinda na njaa.

Paliondokea zimwi lililosoma, lenye tai shingoni na chungu cha uji kisichokauka. Mashamba yote yalikuwa yake. Kadzo, mjane, akaenda kumwombea uji mwanawe aliyedhoofu, akiwa amembeba mgongoni.

"Onyesha viganja," zimwi likasema. "Laini! Nikikupa bure utazoea uvivu. Katafute kazi."

"Kazi wapi, bwana, na mashamba yote ni yako?"

"Sorry, mama. Next!"

Kadzo akaingia porini, akachimba mizizi kwa mikono mpaka viganja vikaota sugu. Akarudi.

"Hongera! Kumbe unajiweza. Uji ni wa wasiojiweza. Next!"

Akavisugua viganja kwa jiwe, akazing'oa sugu zote. Akarudi akivuja damu.

"Umejiumiza makusudi ili upewe? Tapeli wewe! Next!"

Mtoto akanyamaza mgongoni. Kadzo akaondoka kwenda kumzika.

Chungu kikafurika, uji ukamwagika mpaka barabarani. Zimwi likatikisa kichwa: "Watu hawa wavivu, jamani! Hata kuja kunywa hawataki."

Hadithi imekwisha. Kalaleni hivyo hivyo.