Riwaya Aliyosomewa Bi Mwajabu

Hapo zamani, enzi zile redio moja ilitosha mtaa mzima, aliishi Kondoa mjane mmoja, Bi Mwajabu, na binti zake watatu. Mwanawe wa kiume, Idrisa, alikwenda vitani asirudi. Bi Mwajabu hakumlilia, wala hakutaka atajwe.

Siwema, binti mkubwa, akaleta riwaya kutoka Dodoma. Mama alikuwa haoni vizuri, kwa hiyo kila alasiri alisuka ukili barazani huku Siwema akimsomea. Kumbe ilikuwa habari ya mama anayemngoja mwanawe askari. Siwema akataka kuifunga.

"Endelea," mama akasema. "Nataka kujua yatakayompata huyu mwenzangu."

Wakanogewa. Wali ukaungua, kahawa ikapoa, kitabu hakikuwekwa chini. Hata wakafika pale askari wanapobisha hodi kuleta habari ya kifo. Sauti ya Siwema ikakwama. Akainuka, akaenda uani, asikiguse tena kitabu kile.

Mwamvita, wa pili, akakiokota. Akautazama ukurasa, akasoma yasiyokuwamo: mlango ukafunguliwa, kijana akaingia, amekonda, anacheka, anaulizia chakula. Mama akacheka naye. Siku zile alipika huku anaimba, na jina la Idrisa likarudi kinywani mwake.

Kisha mama akamwambia Hadija, kitinda mimba, "Nirudie pale wanapobisha hodi."

Mwamvita akamkonyeza mdogo wake asisome. Hadija akasoma vilevile palivyoandikwa.

Mama akaweka ukili chini. Halafu akalia, akalia mpaka kanga ikalowa. Kesho yake akaomba Idrisa asomewe hitima. Tangu hapo hakuimba tena jikoni, lakini alilala usingizi.

Miaka ikapita. Kabla ya kufariki, Bi Mwajabu alisema, "Riwaya ile apewe aliyenisomea vizuri." Hakutaja jina.

Baada ya arobaini, mabinti wakakaa barazani, kitabu kisicho na jalada kikiwa katikati yao.

"Mimi ndiye niliyemfungulia hadithi," akasema Siwema. "Na nilipokwama, alijua kwamba si yeye peke yake mwenye uchungu."

"Mimi nilimrudishia mwanawe," akasema Mwamvita. "Mlimsikia akiimba. Mnaukumbuka wimbo wenyewe?"

Wakaukumbuka, wakauimba kidogo.

"Mimi nilimsomea kilichoandikwa," akasema Hadija. "Ndipo akapata kumzika."

Wasikilizaji wangu, mabinti wale bado wamekaa, na hakuna aliyenyoosha mkono. Je, nani alimsomea mama vizuri?