Kiraka cha Tunu na Vibarua Watatu

Hapo zamani, zamani ya juzijuzi, palikuwa na chuo chenye mihuri mingi kuliko kompyuta. Mwanafunzi wake mmoja, Tunu, alihitaji programu ya kuigiza mtandao: mitambo isiyokuwepo ipelekeane ujumbe usiokuwepo, naye apate shahada iliyopo. Programu ilitaka ibandikwe kiraka, yaani faili dogo la marekebisho, ili itambue vipima mvua vya utafiti wake. Ikakataa.

Mkuu wa kitivo akawaita vibarua watatu wa maabara, ambao mikataba yao ilikuwa ukingoni. "Atakayeifanya ikubali, ajira ya kudumu. Nafasi ni moja. Ya pili inasubiri kamati."

Akaingia Lusajo. Akaona programu ni mpya mno kwa kiraka kile. Akaitoa, akasaka toleo la zamani, akabandika kiraka. Kabla hajaijenga upya, maana bila kujengwa upya kiraka hakifanyi kazi, saa ya chai ikafika, na saa ya chai haina mjadala. Akaondoka.

Akaingia Mwatime. Hakumuuliza mwenzake kaishia wapi. Chuoni pale, kuuliza hivyo ni kumchunguza mtu. Akabandika kiraka. Kompyuta ikasema: "Kiraka hiki kimo tayari. Nikiondoe?" Chuoni pale, swali la kutoka juu hujibiwa ndiyo. Akajibu ndiyo. Akaijenga programu, ikalalamika imekosa kipande. Akakihangaikia, akakiweka, ikajengeka. Ila vipima mvua haikuvitambua. Akaenda chai.

Akaingia Kiondo. Naye hakuuliza. Akabandika kiraka, akaijenga, ikakubali. Tunu akapiga kigelegele hadi mhasibu akachungulia.

"Mheshimiwa Mkuu," akasema Lusajo, "bila toleo langu la zamani, hawa wangebandika mpaka wastaafu."

"Na bila kipande changu isingejengeka," akasema Mwatime.

Kiondo akacheka. "Dada, kompyuta imeandika kila hatua: si wewe uliyekibandua kiraka? Kilichomo sasa nimekiweka mimi."

"Kaka Kiondo, ungekikuta kimo, ukaulizwa kama kiondolewe, ungejibuje?"

Kiondo akafikiri, maana alikuwa mkweli. "Ningejibu ndiyo."

"Basi nilikiondoa ili usikiondoe."

Mkuu akavua miwani, akaifuta, akairudisha. "Tunu, aliyesaidiwa ni wewe. Taja jina."

Tunu akawatazama watatu wale. Hakuna aliyepepesa jicho.

Haya, nanyi mnaosikiliza. Hapa "ndiyo" si jibu. Je, nani alistahili kutajwa?