Chetezo Kimoja, Watangulizi Watatu

Sogeeni, mliokaa nyuma nanyi mpate kusikia. Habari hii inakuja bila hukumu, na hukumu itadaiwa kwenu.

Palikuwa na ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja, katika mji wa bara unaopitiwa na reli. Tunu alikuwa na sikio: wimbo akiusikia mara moja, haumtoki tena. Shomari alikuwa na mikono: ukuta uliochoka akiushika, unasimama. Riziki, kitinda mimba wao, alikuwa na subira ya kukaa na watu: mkaidi akinywa naye kahawa, mwishowe husema lililomkaa moyoni.

Aliyewalea ni shangazi yao, Bi Mgeni, mwanamke wa maneno machache, asiyependa habari za ukoo zisimuliwe kombokombo. Ukimwambia "zamani", atakuuliza zamani gani.

Bi Mgeni alirithi nyumba ya udongo katika Mtaa wa Vinu. Majirani waliiita Nyumba ya Harusi. Enzi za mkoloni, Waafrika walipokatazwa kukutana na kuzungumzia uhuru, akina mama wa mtaa ule walianza kuozesha. Walipika pilau, walipiga ngoma, walipita mitaani kwa vigelegele, wakaishia uani kwa mama yake Bi Mgeni. Ngoma ikivuma barazani, uani watu waligawiana kadi za chama na kupanga mambo yao. Harusi zilikuwa nyingi. Bibi harusi hakuonekana hata mmoja.

"Mama aliozesha watu wasiozaliwa," Bi Mgeni alizoea kusema, na hapo ndipo ungemwona akicheka.

Mwaka mmoja nyumba ikapigwa alama ya X nyekundu. Ukuta wa nyuma ulikuwa umebonyea, na halmashauri ikasema ivunjwe, isipokuwa wenyewe waitengeneze na kuonyesha ina kazi gani. Bi Mgeni hakulia. Alikaa akiitazama ile alama mpaka chakula kikapoa, na wale watatu, aliowalisha kwa mkono wake tangu utotoni, wakasukuma sahani zao kando.

Wakakubaliana: nyumba itapona ikiwa kituo cha mwisho cha njia ya kumbukumbu. Watu watembezwe walikopita wale akina mama, mlango kwa mlango, waambiwe palitendeka nini. Halmashauri ikaridhia, kwa sharti kwamba ukuta usimame na kila mwenye nyumba iliyo njiani akubali.

Lakini njia yenyewe ipi? Wengi waliopita walikwisha kufa, na Bi Mgeni wakati huo alikuwa akibebwa mgongoni. Tunu akawazungukia vikongwe. Hakuwauliza mitaa, kwa kuwa mitaa ilibadilishwa majina. Aliwauliza nyimbo. Kumbe kila mlango ulikuwa na wimbo wake wa kuchokoza: mwoka mikate aliimbiwa kwamba mkate wake unavunja meno, fundi cherehani aliyeficha kadi kwenye mapindo ya nguo aliimbiwa kwamba suruali zake zina mguu mmoja mrefu. Bi Sikudhani, aliyekwisha kusahau majina ya wajukuu wake, alipoimbiwa ule wa mikate akadakia, "Hapo tukakata kulia, tukaenda kumchamba yule wa suruali." Tunu akaunga wimbo kwa wimbo, njia ikaonekana. Bila Tunu, wangetembea wapi?

Shomari alikuwa amepata kazi ya kujenga shule katika mji wa pili. Akaiacha. Mafundi wenzake wakamshauri auangushe ukuta, apandishe wa tofali za saruji.

"Nikijenga upya, watu watakuja kutazama nini? Kazi yangu?"

"Si mbaya, utapata wateja," wakamtania.

Akauegemeza ukuta kwa magogo, akakanda udongo na chokaa, akajaza kipande kwa kipande. Mlango mdogo wa uani, waliotorokea watu polisi walipokuja, akauacha na kizingiti chake kilicholika. Mtu wa halmashauri alikuja, akausukuma ukuta kwa bega, akajipangusa vumbi na kwenda zake. Bila Shomari, wangefika wapi?

Ikabaki nyumba moja, ya Mzee Songoro, katikati kabisa ya njia. Mzee akakataa. Baba yake alikuwa askari wa mkoloni, na zamu yake ilikuwa mtaa uleule.

"Mnataka kuleta watu waje kuninyooshea vidole kibarazani kwangu?"

Riziki hakubisha. Alikwenda kila alasiri, wakanywa kahawa na kuzungumza bei ya mahindi. Siku moja mzee mwenyewe akaanza.

"Baba alijua, binti."

"Alijua nini, babu?"

"Kwamba hakuna anayeolewa. Aliletewa sinia la pilau, akala, akanawa, akampelekea mkubwa wake taarifa kwamba mtaani shwari."

"Hakuuliza bibi harusi yuko wapi?"

"Pilau ile ungeuliza wewe?"

Riziki akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Mzee akasema basi, waje, ila wasimame kwake na hilo lisemwe. Bila Riziki, njia ingekatika katikati.

Alama nyekundu ikafutwa, siku ya matembezi ya kwanza ikapangwa. Likabaki jambo moja: nani atangulie?

Msafara wa harusi zile ulikuwa na mtangulizi, naye alibeba chetezo cha udongo chenye makaa na ubani. Kazi yake haikuwa kunukiza tu. Yeye ndiye aliyetazama mbele. Akiona polisi hukata kona, na wote hukata naye bila kuuliza. Ndiyo maana mtangulizi alikuwa mmoja. Mama yake Bi Mgeni alikibeba chetezo hicho maisha yake yote, kisha Bi Mgeni akakibeba katika harusi za kweli za mtaa, na sasa magoti yamekataa. Atakayepewa ndiye atakayeitwa mwenye njia hadi kufa kwake.

Bi Mgeni hakutaka kumvunja mtu moyo. Siku ya majaribio akawaambia watangulie wote, wapokezane. Wakaenda vizuri mpaka njia panda ya kisima. Hapo Tunu akakata kulia, Shomari akakata kushoto, Riziki akanyoosha. Wapiga ngoma wakamfuata huyu, waimbaji yule, na wazee wakabaki kisimani wakiulizana. Wakafika Nyumba ya Harusi makundi matatu, kila moja na jasho lake.

Bi Mgeni alikuwa akiwangoja mlangoni. "Mmenifanyia harusi tatu," akasema, "na bado hakuna bibi harusi."

"Shangazi, wimbo unakata kulia," akasema Tunu. "Ndiko walikopita, wakazunguka hadi nyumba ya Mzee Songoro. Tukipita kwingine tunadanganya."

"Kulia kuna ukuta unaotaka kuanguka," akasema Shomari. "Niwapitishe wazee chini yake kwa sababu ya wimbo?"

"Mzee Songoro alikuwa amesimama mbele kwa kanzu yake, amekwisha kupanga vigoda," akasema Riziki. "Ningempa mgongo, angefunga mlango moja kwa moja."

Bi Mgeni akawatazama mmoja mmoja. Hakuna aliyekosea. Na hakuna aliyesema anakitaka chetezo, lakini aliwajua tangu wakigombea ukoko wa wali, akayaona macho yao yalikotua.

Siku yenyewe ikafika. Watu wamejaa mbele ya nyumba ya mwoka mikate, njia inapoanzia, ngoma zimekwisha kuwambwa juani, makaa yamewaka, ubani umetiwa. Ndugu watatu wamesimama mbele ya shangazi yao aliyeshika chetezo, mikono wameiteremsha, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuinyoosha.

"Shangazi, kitakuunguza," akasema Riziki.

"Kinaniunguza," akajibu Bi Mgeni.

Sasa, enyi mliosikia: apewe aliyeijua njia, aliyesimamisha mwisho wake, au aliyeufungua mlango wa katikati? Na pale kisimani, mtangulizi hasa alikuwa nani? Semeni, na kila mmoja atoe sababu yake. Bi Mgeni bado amekishika.