Raya na Kitanda cha Bi Kazija

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa gani hiyo, ya watu wasiokula? Paukwa!

"Pakawaaa!"

Haya, sasa mmeitika. Sogeeni motoni. Faki, mpishe mwenzako, moto si wa baba yako peke yake.

Hapo zamani za kale, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na kisiwa kidogo. Kidogo hasa! Ukiteleka maharage, ukakizunguka kisiwa chote kwa miguu, ukirudi maharage bado magumu. Kisiwani humo alikaa bibi kizee mmoja, jina lake Bi Kazija. Alikaa peke yake. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kimekatika kamba zote, miti imebaki mitupu, na yeye akawa analala chini, kwenye mkeka. Kila alfajiri anainuka kwa kushika ukuta. "Mgongo wangu mie! Mgongo wangu wee!"

"Kwa nini hakununua godoro?"

Godoro! Salha, nimesema zamani za kale, wewe waniletea godoro. Nyamaza usikilize.

Bi Kazija alikuwa na mjukuu mmoja, Raya, aliyekaa mjini. Huyo Raya alikaanga mandazi sokoni. Mkono huu unageuza mandazi, mkono huu unapokea pesa, na mdomo unagombana na jirani, yote kwa wakati mmoja. Akasikia bibi yake analala chini. Roho ikamuuma, maana alimpenda kwelikweli. Akafunga kibindo, akaja.

"Shikamoo bibi! Leo leo nitakiwamba kitanda chako kwa kamba mpya, kesho nirudi sokoni."

Bi Kazija akacheka mpaka akakohoa. "Marahaba, mke mwenzangu. Utakiwamba kwa kamba gani? Kamba ni usumba, na usumba ni makumbi ya nazi. Makumbi tunayafukia pwani, kwenye tope, tunayawekea mawe juu. Bahari inayaozesha. Miezi saba. Ndipo tufukue, tuponde, tusokote."

"Miezi saba!" Raya akashika kichwa. "Bibi, nitakufa hapa!"

Lakini atafanyaje? Wakaenda wote wawili, wakachimba shimo, wakafukia. Raya akaanza kungoja, na kungoja hakukujua. Kisiwani pale ukikutana na mtu, unaulizwa hali yako, ya bibi yako, ya kuku wako, mpaka ya mvua. Raya yeye: "Njema, njema, zote njema!" huku kashapita. Watu wanabaki njiani na maswali mdomoni. Na Bi Kazija kila jioni akimwita, "Njoo tukae barazani, tuzungumze," Raya anajibu, "Nikimaliza, bibi." Anamaliza nini? Hakuna cha kumaliza! Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa.

Mwezi wa pili, maji yalipokupwa, Raya akaenda pwani na jembe. Akaondoa jiwe la kwanza. Mara akatoka kaa, macho juu, akaimba:

*Raya wee, funika,*
*makumbi bado mabichi,*
*bahari haijamaliza.*

"Na bahari yenu nayo ni mvivu," akasema Raya. Lakini akafunika, akarudi.

Mwezi wa tatu akaenda tena. Akaondoa jiwe la kwanza, akaondoa la pili. Mara akatua kitwitwi, yule ndege mdogo anayekimbia ufukweni, miguu kama njiti. Akaimba naye. Haya, imbeni, mnaijua!

*"Raya wee, funika,*
*makumbi bado mabichi,*
*bahari haijamaliza!"*

"Wewe mwenyewe hutulii, mbio kutwa nzima, ndiyo unifundishe mimi kungoja?" Raya akamfukuza. Lakini akafunika, akarudi, amevimba kwa hasira.

Mwezi wa nne akaenda mara ya tatu. Akaondoa jiwe la kwanza, la pili, la tatu, mawe yote. Hakutoka kaa, hakutua ndege. Makumbi yenyewe ndiyo yaliyosema, kutoka ndani ya tope:

*Raya wee, tufunike,*
*sisi bado wabichi,*
*bahari haijamaliza.*

"Akafunika?"

Hakufunika.

"Lo!"

Ndiyo, lo. Alimuwaza bibi yake na ule mkeka. Akauwaza na mji pia, nisimfichie, aliuwaza mji. Akayafukua yote. Akayaponda. Yakakataa. Akayaponda kwa gongo kutwa, siku ya pili kutwa, viganja vikachubuka mpaka damu. Nyuzi zikatoka fupi, ngumu, zinakatika ovyo. Akazisokota hivyo hivyo. Akakiwamba kitanda hivyo hivyo.

"Bibi, njoo! Njoo ulale juu kama watu!"

Bi Kazija akaja polepole. Akapitisha mkono juu ya kamba, taratibu, mwanzo hadi mwisho. Watoto, mtu aliyesokota kamba miaka sitini, atakosa kujua? Alijua. Lakini akaitazama mikono ya mjukuu wake, akaviona vile vidonda, akaona haya kumvunja moyo.

"Umefanya kazi, mwanangu," akasema. Akapanda.

Kamba moja ikakatika, ta! Ya pili, ta! Kisha zote kwa pamoja. Bi Kazija akaanguka katikati ya miti, nyonga ikavunjika.

"Masikini!"

Masikini, ndiyo. Wakaja majirani, akaja na mwunga mifupa. Akafunga, akatikisa kichwa. Nyonga ya kizee haiungi. Bi Kazija akalazwa kwenye mkeka wake, na tangu siku hiyo hakuinuka tena kwa kushika ukuta wala kwa kushika mtu.

Raya alilia siku tatu. Siku ya nne akachimba shimo, akafukia makumbi mapya, akaweka mawe. Safari hii hakuulizia mji. Akamwosha bibi yake, akamlisha uji kijiko kwa kijiko, akakaa. Mara ya kwanza tangu afike, akakaa! Bi Kazija akamsimulia habari za mama yake Raya alipokuwa mtoto, jinsi alivyoogopa bata. Wakacheka. Watu wakija kumjulia hali mgonjwa, Raya anawajibu moja moja, anauliza na yeye hali za kuku wao. Siku hazikuwa ndefu tena. Sasa ndiyo zikawa fupi.

Mwezi wa tano wa makumbi hayo mapya, Raya akasema, "Bibi, bahari hii ingefanya haraka kidogo tu. Nataka uondoke kwenye huu mkeka."

Bi Kazija akamshika mkono. "Nikwambie, mke mwenzangu? Mgongo wangu nilishauzoea. Kamba zipo kwa majirani, ningeziomba, nani angeninyima? Nilikwambia tukafukie makumbi ili nikupate miezi saba."

Raya akainamisha kichwa kwenye mkono wa bibi yake, akasema, "Nisamehe, bibi."

"Nilishasamehe. Hebu nieleze, huyo jirani yako wa sokoni mlikuwa mkigombania nini?"

Mwezi wa sita, Bi Kazija akafariki.

Msinitazame hivyo. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuibadilisha ili mlale vizuri.

Mwezi wa saba ulipotimia, Raya akaenda pwani. Akaondoa mawe yote. Hakuna aliyeimba. Makumbi yalikuwa yameoza sawasawa, ukiyapiga mara mbili usumba unajitoa wenyewe, mrefu, laini. Akasokota kamba siku kumi bila kuharakisha hata uzi mmoja. Akakiwamba kitanda. Wanawake wa kisiwa wakaja kukitazama, wakakipiga kofi, wakasema tangu wazaliwe hawajaona kitanda kilichowambwa vizuri namna ile.

"Akalala nani?"

Hakulala mtu.

Sasa nisikilizeni. Mtasema, haraka haraka haina baraka. Raya naye aliijua methali hiyo, aliisema tangu mdogo, haikumsaidia. Mimi nawaambia hivi: mzee akikuita ukae naye, usimuulize kazi gani. Kukaa kwenyewe ndiyo kazi, na hiyo ikikupita huilipi baadaye.

Hadithi yangu imekomea hapo, wala msiniulize kama Raya alirudi mjini. Hakurudi. Alijifunza kungoja, na hakuwa na wa kumngojea.