Mpishi Aliyeonja Peke Yake

Ilikuwa Jumamosi, tarehe kumi ya Mfungo Saba, saa nne asubuhi, ndugu zangu, ulimi wa mpishi mmoja ulipoacha kusikia chumvi.

Mpishi huyo alikuwa fundi wa pilau za harusi. Alikuwa na wasaidizi, na mkubwa wao alikuwa dada yake mdogo. Kila alikokwenda alijivunia: "Hawa ni jeshi langu." Lakini jeshi hilo lilikuwa na mwiko mmoja: mtu asionje. Yeye ndiye aliyejidondoshea supu kiganjani, akalamba, akatia chumvi, akafunika. Msaidizi akinyoosha mkono aliambiwa, "Umekuja kupika au kula?" Watu wakacheka, naye akarudi kwenye vitunguu vyake.

Asubuhi hiyo masufuria yalikuwa yakichemka uani kwa binti mmoja yatima. Mtaa mzima ulikuwa umemlea, na mtaa mzima ulikuwa unakuja kula harusi yake. Mpishi alikuwa ametoka kuugua homa. Akatia chumvi, akalamba kiganja. Ulimi haukusikia kitu. Akalamba tena. Ilikuwa kama kulamba maji ya mvua. Jasho likamtoka, wala si la moto. Aongeze? Na kama imeshazidi? Aache? Aibu ingemwangukia nani, kama si yule binti?

Akamwita dada yake pembeni.

"Onja."

Dada akamtazama. "Kaka, unanitega?"

"Sikutegi. Mdomo wangu umekufa. Onja."

Akaonja, akatabasamu. "Imetosha kabisa. Naweza kuinywa hivi hivi, na mkate."

Mpishi akashika kichwa. "Basi haijatosha. Mchele bado haujaingia. Ukiingia utakunywa chumvi yote hiyo. Supu ya pilau lazima ikukere kidogo."

"Hilo ulituambia lini, kaka?"

Sikilizeni swali hilo, ndugu zangu. Lilikuwa halina dharau ndani yake. Mwanamke yule alikuwa amepuliza moto wa kaka yake tangu ujana, na alikuwa anauliza tu. Mpishi akatafuta siku hiyo moyoni mwake, asiipate. Alikuwa amewafundisha kukata, kuosha na kukoleza moto. Kuamua hakuwahi kumfundisha hata mmoja. Jeshi gani hilo, ambalo jemadari akipata mafua limeshindwa?

Akainuka, akaita kwa sauti: "Acheni visu. Njooni wote, nipeni viganja."

Akawadondoshea mmoja mmoja kwa mwiko wake, kisha akamkabidhi dada mwiko huo. Dada akatia chumvi, wakaonja tena, wakabishana. Mmoja akasema imezidi, mwingine akamwambia, "Wewe umezoea uji." Mpishi akakaa kimya, na hapo ndipo kazi ilipomwia ngumu kuliko kubeba sufuria. Wakakubaliana, wakatia mchele, wakapalia makaa juu ya vifuniko. Mchana binti yule aliolewa, na masinia yakarudi meupe.

Ladha ilimrudia mpishi baada ya siku chache. Mwiko hakuuchukua tena mikononi mwao.

Kisha siku yake aliyoandikiwa ikafika, akafa. Nyumba ikajaa watu wa kulishwa. Msaidizi mmoja akamfuata dada wa marehemu chumbani, akanong'ona, "Bibi, uje uangalie supu."

Akajibu, "Supu inakujueni. Niacheni nimlilie kaka yangu."

Akalia mpaka akatosheka. Nje pilau ilipikwa, watu wakala, hakuna aliyeuliza nani katia chumvi.

Sasa sisi. Wewe msimamizi wa karakana, wewe mwalimu mkuu, wewe muuguzi mkubwa wa zamu, wewe mama mwenye duka na wauzaji wake: nani kazini kwako ameshaonja? Tunasema wasaidizi hawajakomaa. Watakomaa vipi, na kila uamuzi tumeufungia mkononi mwetu? Tunaogopa watakosea. Watakosea, ndiyo. Bora wakosee nasi tukiwa tumesimama kando yao. Siku ya kuondoka kwetu ipo, na wanaotupenda watakuwa na kilio cha kulia. Tusiwaachie na sufuria wasiyoijua. Kesho mkifungua kazi, mwiteni mmoja, mpeni mwiko, kisha nyamazeni. Inawezekana. Mimi nimeyaona matunda yake ndani ya nyumba yangu, juma hili hili, nilipokuwa sina nguvu ya kusimama.

Ewe Mola, mrehemu mpishi yule na kila aliyefundisha kisha akaachia. Umrehemu na mama wa watoto wangu, tuliyemzika Jumanne. Ulipanue kaburi lake, ulitie nuru, uyapokee aliyoyafundisha mikono mingine, iliyolisha watu msibani kwake. Amin.