Dozi ya Mtu Mmoja

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo, maana nikimaliza nitawauliza neno.

Palikuwa na wanawake watatu waliolazwa wodi moja, katika hospitali ya nyanda za juu, wote wakiugua saratani ya titi. Sikitu alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza. Mtoto aliyeshindikana kwingine, kwake alisoma. Mwasiti alikuwa fundi cherehani, akikutazama mara moja anakukatia gauni bila kukupima. Atupele alilima viazi, na kijijini kwake hakuna mwanamke aliyejifungua kwa shida bila yeye kuitwa.

Hapo hospitalini alikuwapo Daktari Mapunda, aliyechunguza saratani inakula nini. Aliwaeleza kwamba uvimbe nao hujengwa kwa asidi amino, vile vipande vidogo vinavyotokana na protini tunazokula. Kimojawapo huitwa glutamini. Alishuku kwamba saratani za matiti, ingawa jina ni moja, hazikitumii chakula hicho namna moja, na ile isiyoweza kujitengenezea huenda ikadhoofishwa kwa kuzibiwa njia ya kukipata. Ili ajue, alihitaji kulinganisha aina tatu, na wao watatu kila mmoja alikuwa na yake. Hakuwaficha kwamba pengine wasingefaidika chochote. Wakakubali.

Sikitu alitoa uvimbe wake. Mashine ya maabara ilikuwa mbovu, naye akaridhia upasuaji wake usogezwe wiki tatu ili uvimbe upimwe ukiwa mbichi. Ikaonekana kwamba saratani yake hujitengenezea glutamini yenyewe. Baadaye ugonjwa ulipokutwa kwenye mifupa, hakuna aliyeweza kusema kama ni kwa ajili ya zile wiki.

Mwasiti alitoa damu. Kila Jumatatu kwa miezi minne alikwenda maabara kabla hajatia kitu kinywani, na damu yenyewe mwilini ilikuwa haba. Mara mbili alizirai kwenye benchi. Ikaonekana kwamba saratani yake hula glutamini kwa pupa, lakini ikiikosa hujikimu kwa vingine.

Atupele alitoa vinyama kwa sindano. Vya kwanza viliharibika maabara, na vya pili vilevile. Mara ya tatu daktari alisita, maana ganzi ilikuwa haimshiki tena.

“Choma, mwanangu,” Atupele alimwambia. “Bila hivi vyangu, wenzangu wametoa bure.”

Ikaonekana kwamba saratani yake haiwezi kujitengenezea chochote. Glutamini yote huinyonya kwenye damu. Lakini daktari asingetambua hilo kama asingekuwa na zile mbili za kulinganisha nayo.

Watafiti waliokuwa wakijaribu dawa ya kuizibia saratani njia ya glutamini walipopata habari, walituma hospitalini dozi ya mtu mmoja, wakasema hawana nyingine. Daktari Mapunda aliwaambia ukweli wanawake wale. Dawa haiponyeshi. Huenda ikaongeza miezi michache, huenda isiongeze. Haigawanyiki, na lazima ianze kutumika kabla ya Ijumaa. Kufikia hapo, dawa nyingine zote zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia watatu hao.

Lusajo, mtoto wa kwanza wa Atupele, alisema dawa ni ya mama yake, kwani ndiyo inayoifaa saratani yake. Ni kweli. Lakini ugonjwa ulikuwa umefika kwenye ubongo, na siku nyingine Atupele hakumtambua hata huyo Lusajo. Daktari aliogopa kwamba hatafika nusu ya dozi.

Mwasiti alisema yeye bado anasimama kwa miguu yake, na ana mapacha wa miaka mitatu. Dawa ingemsaidia kidogo tu, lakini hicho kidogo alikitaka.

Sikitu alijua kwamba kwake dawa haina kazi. Ila mdogo wake, Semeni, wa miaka ishirini na saba, alikuwa na saratani ya aina ya Atupele. Tiba za kawaida zilikuwa zimeshindwa kumsaidia, lakini nguvu alikuwa nazo bado.

“Fungu langu mpeni Semeni,” alisema.

“Huyo hakutoa hata tone la damu,” Mwasiti akamjibu.

“Nimetoa mimi.”

Tangu siku ile waliokuwa wakinywa uji wa chupa moja waligeukia kila mmoja ukuta wake. Alhamisi jioni daktari aliketi na lile boksi mapajani, bado hajaandika jina juu yake. Alijua kwamba yeyote atakayemwandika, atawazika wote.

Nami sijui aliandika jina gani. Watatu walitoa, na kama mmoja angekataa, hakuna ambacho kingejulikana. Basi niambieni ninyi mlionisikiliza: apewe Atupele, ambaye dawa ni yake lakini siku zake zimekwisha? Apewe Mwasiti, ambaye itamfaa kidogo? Au apewe Semeni, ambaye hakutoa kitu, kwa haki ya dada yake? Je, wewe ungeamua vipi?